Kabla ya Kuhamia Teknolojia Mpya ya Uhuishaji, Kagua Data Yake

Kila mwaka, video za SIGGRAPH, mkutano mkubwa wa michoro ya kompyuta, zinapoanza kusambaa, huwa naulizwa na vijana wanaotengeneza michezo ya kompyuta kama umefika wakati wa kuachana na njia za zamani za kuhuisha wahusika na kuhamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza mwendo kutoka kwenye mifano mingi. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kuvutiwa na mwendo unaouona kwenye video, utafute kwanza maelezo ya data iliyotumika kuufundisha mfumo huo, kwa sababu humo ndimo utakapojua kama teknolojia hiyo inakufaa.

Chukua mfano wa kazi iliyowasilishwa Los Angeles mwaka 2017 na Daniel Holden, Taku Komura na Jun Saito. Mhusika wao alitembea juu ya mawe, akainama chini ya vizuizi na kuruka mitaro bila mtu yeyote kuunganisha vipande vya mwendo kwa mkono. Mtandao wao hubadilisha uzito wake wa ndani, yaani namba zinazoamua matokeo yake, kulingana na hatua ambayo mguu umefikia katika mzunguko wa kutembea, na ndiyo maana mwendo haukuparaganyika wala kuwa butu kama ilivyokuwa kwa majaribio mengi ya awali. Ulihitaji megabaiti chache tu za kumbukumbu na milisekunde chache kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo. Hata hivyo, nyuma yake palikuwa na takriban saa moja ya mwendo wa binadamu uliorekodiwa kwa vifaa maalumu, kisha ukalinganishwa na maumbo ya ardhi ili mfumo ujifunze mguu unapaswa kukanyaga wapi. Kazi hiyo ya maandalizi haionekani kwenye video, na ndiyo itakayokuelemea.

Kwa kikundi kidogo, mimi napendekeza kuanza na ulinganishaji wa miendo, njia ambayo Simon Clavet wa kampuni ya michezo ya Ubisoft aliieleza kwa wasanidi wa michezo mwaka 2016. Hapa hakuna mtandao wa neva. Kompyuta hupekua hifadhi ya miendo mara nyingi kwa sekunde, ikitafuta fremu ambayo mkao wake, kasi ya miguu yake na njia ambayo mhusika anaelekea kuipita vinakaribiana zaidi na kile mchezaji anachotaka, kisha huhamia hapo kwa ulaini. Mhusika akiteleza au akigeuka vibaya, unaweza kukifuatilia kipande kilicholeta kasoro, ukakirekebisha au ukakiondoa. Kwa mtandao wa neva, kasoro hiyohiyo hukulazimu kurudi kwenye data na kuufundisha upya, bila uhakika kwamba kasoro nyingine haitazuka. Katika kazi zangu za michezo ya simu, uwezo huu wa kujua kosa limetoka wapi umeniokolea muda kuliko kitu kingine chochote. Hifadhi ikiwa kubwa mno kwa kumbukumbu ya kifaa, ipo njia iliyowasilishwa mwaka 2020 na watafiti wa Ubisoft, inayoweka mitandao midogo ya neva mahali pa hifadhi hiyo, lakini hatua hiyo inaweza kusubiri.

Data utaipata wapi? Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kinatoa bure maktaba kubwa ya miendo, na Ubisoft wametoa seti yao iitwayo LaFAN1, ingawa leseni yake hairuhusu matumizi ya kibiashara. Soma leseni kabla ya kupakua chochote. Tatizo langu na maktaba hizi ni kwamba watu wangu hawamo. Tulipohitaji mhusika wa mama anayetembea na ndoo ya maji kichwani, tulijaribu kuchukua mwendo wa kawaida na kuinua mkono mmoja, na kila aliyeuona alijua papo hapo kwamba si wenyewe, kwa kuwa mzigo ule hutuliza shingo na kifua huku kiuno na magoti vikibeba mtikisiko wote. Ilibidi tumwombe mama anayeubeba mzigo huo kila siku aturuhusu kumrekodi, tukaweka kamera za simu mbele na ubavuni, kisha tukahuisha kwa mkono ndani ya programu ya Blender tukifuata picha zake. Ni kazi ya taratibu, na naamini ndiyo inayostahili pesa na nguvu zako kuliko kadi mpya ya michoro.

Unaporekodi, usitumie muda mwingi kwenye kutembea moja kwa moja. Rekodi kuanza, kusimama ghafla, kugeuka kushoto na kulia kwa kasi mbalimbali, na kuhama kutoka kutembea hadi kukimbia, kwani mchezaji hubadilisha mwelekeo kila wakati, na hapo ndipo hifadhi yenye mapengo huifanya miguu iteleze.