Mbwa aliyelegea: uliza kwanza, sindano baadaye

Ninyi mnaoanza kazi kwenye kliniki ya mifugo, mtaletewa mbwa anayeyumba miguu ya nyuma, na mwenyewe atasema tu, "Hana nguvu." Msikimbilie vitamini. Muulizeni: amekula lini mara ya mwisho? Anatapika? Anaharisha? Anakojoa?

Huenda shida ni potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji ili vifanye kazi. Mbwa huipata kwenye chakula. Karibu asilimia 98 yake imo ndani ya seli, hasa za misuli. Inayopimwa kwenye damu ni kidogo sana, kwa kawaida milimoli (kipimo cha kiasi cha madini) 3.5 hadi 5.5 kwa lita. Ikipungua, misuli hulegea, utumbo hulala na moyo huanza kwenda ovyo. Figo nazo huendelea kuitoa kwenye mkojo hata siku ambayo mbwa hajatia kitu mdomoni, ndiyo maana asiyekula hupungukiwa hata kama hatapiki.

Mimi nilifundishwa hilo na mtoto wa mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuharisha. Tulimtundikia dripu ya Ringer lakteti, maji yenye chumvichumvi ya kupitisha mshipani, siku tatu. Kutapika kukakata, lakini kichwa hakiinui, na tumbo limejaa gesi. Nilidhani tumeshampoteza. Daktari wangu akapima damu: potasiamu 2.4. Lita moja ya dripu ile ina milimoli 4 tu, hivyo hairudishi kilichopotea kwa siku zote zile za njaa na kuharisha. Tukaongeza kloridi ya potasiamu kwenye chupa, ikapita polepole. Kesho yake alisimama, akanusa bakuli.

Hapa nisikilizeni sana. Kloridi ya potasiamu haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa, kamwe, kwa sababu inasimamisha moyo. Kikomo cha kawaida ni nusu milimoli kwa kilo moja ya uzito kwa saa, na hesabu hiyo hupigwa na daktari. Ukishaiongeza, geuzageuza chupa mpaka ichanganyike. Isipochanganyika, mbwa ataipata kwa mkupuo.

Swali la mkojo nalo msiliruke. Dume aliyezibwa njia ya mkojo na kijiwe hulegea vilevile, na mwenye ugonjwa wa Addison (tezi zilizo juu ya figo hazitoi homoni za kutosha) pia, ila hao potasiamu yao imepanda. Mbwa mahututi kwa kawaida moyo humwenda mbio. Ukishika mshipa wa paja ukakuta mapigo ya taratibu, huenda potasiamu imepanda; mwite daktari hapo hapo. Niliwahi kumpokea mbwa aliyezibwa mkojo ambaye mwenyewe alikuwa akimnywesha madafu tangu asubuhi, kwa mapenzi yote. Madafu yana potasiamu nyingi, na mbwa yule hakuwa na pa kuitolea.

Kwa mbwa mzima wa afya, bakuli linatosha. Tatizo ni ugali mtupu wa sembe, maana sembe ina potasiamu haba. Mwambieni mwenye mbwa auchanganye na nyama, dagaa wasio na chumvi, au viazi vitamu. Viazi vikichemshwa, sehemu ya potasiamu huhamia kwenye maji, basi maji hayo asiyamwage, ayapikie ugali. Ndizi mbivu kipande inafaa. Vitunguu na zabibu, hapana. Na mbwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza enalapril kwa ajili ya moyo, asiongezewe potasiamu yoyote kabla damu haijapimwa.