Majivu Yanaanzia Kwenye Matawi ya Mwaka Jana

Tumsifu Yesu Kristo, ninyi mlioingia juzi kwenye kamati ya liturujia na uongozi wa jumuiya. Najua wengi hamkugombea. Umekaa zako benchi la nyuma, unasikia jina lako linatajwa, na kabla hujafungua mdomo kukataa watu wameshapiga makofi. Ndivyo nilivyoingia na mimi. Nilikuwa katibu wa jumuiya, kisha nikapelekwa sakristia, chumba cha kuandalia Misa, na sasa ni mwaka wa tisa, hapa Morogoro, katika parokia ambayo nusu ya vigango vyake, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, viko mlimani Uluguru.

Nawaandikia kuhusu Kwaresima kwa sababu ndicho kipindi kinachomuumbua kiongozi mpya. Noeli inasitiri. Ukisahau kitu, kwaya inapiga, watu wanacheza, vigelegele vinapita juu ya kosa lako. Kwaresima kanisa liko kimya. Kitabu kikidondoka sakristia kinasikika mpaka mlangoni.

Anzeni na kalenda. Jumatano ya Majivu huhesabiwa kurudi nyuma siku 46 kutoka Pasaka, na Pasaka yenyewe inafuata mwezi mpevu, kwa hiyo kila mwaka inahama. Mwaka 2024 ilikuwa 14 Februari, ikagongana na Valentine, na vijana wetu wakapata kisingizio. Mwaka 2025 ilikuwa 5 Machi, 2026 ni 18 Februari, na 2027 itakuwa 10 Februari. Hiyo ya 2027 inabana kwelikweli. Pango la Noeli limeondolewa juzi, ada za Januari bado zinadaiwa, na tayari mnatafuta majivu.

Wa kwanza kuumia na tarehe hizi ni wachumba. Parokia yetu haifungishi ndoa ndani ya Kwaresima, na matangazo ya ndoa yanasomwa Dominika tatu. Pigeni hesabu: Jumamosi ya mwisho kabla ya Majivu ya 2027 ni tarehe 6 Februari, basi tangazo la kwanza lisomwe 17 Januari, na hapo ni kwa kuchelewa. Kila mwaka anakuja kijana ameshagawa kadi za mchango, ukumbi ameulipia, na jina lake halijasomwa hata mara moja. Paroko hamwendei. Anakuja kulia kwako, sakristia, wakati unahesabu hostia. Tangazeni tarehe hizo kuanzia Desemba.

Sasa majivu yenyewe. Dominika tatu kabla, waambieni watu warudishe matawi waliyobarikiwa mwaka jana. Msiseme mara moja tu, maana matawi hayo yako mahali watu hawapaangalii tena: nyuma ya picha ya Familia Takatifu, juu ya fremu ya mlango, yamechomekwa kwenye dari. Yatakuja ya minazi, ya michikichi, ya ukindu, mengine yamesukwa misalaba mizuri mpaka unaona huruma kuichoma. Yapitieni moja moja. Watu hufunga riboni na nyuzi za nailoni Dominika ya Matawi, na riboni moja tu ikibaki, karai lote linanuka plastiki iliyoungua.

Chomeni mchana, siku isiyo na upepo, kwenye karai kavu. Mtashangaa jinsi furushi zima linavyokuwa viganja viwili. Acheni yapoe kabisa, twangeni kwenye kinu kidogo, kisha chekecheni kwa chujio la chai, tena mara mbili. Vipande vikubwa vinakwaruza paji la uso na kumwingia mtu machoni.

Na hapa nawapa kosa langu, mlichukue bure. Mwaka wangu wa kwanza niliona majivu yanapeperuka, nikajiongeza: jioni ya Jumanne nikayakoroga na maji yakawa uji mzito, nikafunika, nikaenda kulala nikijisifu. Kesho yake, kabla Misa ya kwanza haijaisha, watoto walikuwa wanajikuna. Mchana mama mmoja akaja na alama nyekundu ya msalaba kwenye paji la uso, akaniuliza kwa upole kama hiyo ni baraka ya aina mpya. Nilipomsimulia mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, wewe si umetuona tangu utoto tukichuja majivu kupata magadi ya kulainishia maharage? Uliwapaka watu magadi. Ndivyo ilivyo: majivu yakikaa na maji yanatoa kitu kinachounguza ngozi. Matone machache ya maji ya baraka wakati padre anabariki hayana shida. Yaacheni makavu, au yakiwasumbua sana tieni tone moja la mafuta ya kupikia. Halafu wekeni ndimu iliyokatwa, sabuni, maji na taulo kuukuu karibu na credensi, ile meza ndogo pembeni ya altare, maana vidole vya padre havitakati kwa maji matupu, na nguo za altare ni nyeupe.

Vigango msivisahau. Kubariki majivu ni kazi ya padre au shemasi, lakini katekista anaweza kuwapaka waamini katika ibada ya Neno bila Misa. Sisi tunafanya hivi: Misa ya kwanza ni saa 12 asubuhi, padre anabariki majivu yote, tunayagawa kwenye vikopo vyenye mfuniko wa kukaza, kila kimoja na jina la kigango, na bodaboda wanapanda navyo. Ibada huko juu ni saa 10 jioni. Andikeni jina kwenye kopo lenyewe, msiandike kwenye mfuniko. Mifuniko hubadilishana.

Tukirudi kanisani, kazi inayowashinda wapya ni moja: kuacha. Mtu akipewa uongozi anataka kuongeza kitu kionekane. Kitambaa kipya, wimbo mpya, ua jipya. Kwaresima inataka muondoe. Maua hayakai altareni. Wimbo wa Utukufu hauimbwi, isipokuwa kwenye sherehe na sikukuu. Aleluya inanyamaza kuanzia Majivu mpaka Kesha la Pasaka, hata kwenye sherehe. Kinanda na ngoma ni vya kusindikiza uimbaji tu, havipigwi peke yake. Mwambieni mpiga kinanda mapema, tena kwa heshima, maana vile vipande anavyopiga wakati wa matoleo ndiyo fahari yake.

Hiyo Aleluya si rahisi kuinyamazisha kama mnavyodhani. Mwalimu mmoja wa kwaya, hodari hasa, alisimama Dominika ya kwanza ya Kwaresima, akanyanyua mikono, na mazoea yakamponyoka. Kanisa zima likaitikia kwa sauti nne. Padre alisubiri tumalize, akatabasamu, akasoma Injili ya majaribu jangwani. Tangu siku hiyo nabandika karatasi kwenye stendi ya mwalimu wa kwaya, maandishi makubwa: HAKUNA ALELUYA. Mbandikieni hata kama ana miaka ishirini kwenye kazi.

Kwa mama anayepamba altare inahitajika busara zaidi. Wa kwetu anatoka WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ndoo zake za maua anazipenda kama watoto. Usimwambie tu “mama, maua basi”. Mpe ratiba yake: Dominika ya nne, ile ya furaha, anaruhusiwa kupamba, na padre anaweza kuvaa waridi badala ya zambarau. Tarehe 19 Machi, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, pia anaruhusiwa. Mwaka 2027 sherehe hiyo ni Ijumaa, na kwa kuwa ni sherehe, katazo la nyama siku hiyo halipo, mtaulizwa sana. Tarehe 25 Machi ya mwaka huo itakuwa Alhamisi Kuu, kwa hiyo Kupashwa Habari Bikira Maria kunasogezwa mpaka 5 Aprili. Mambo haya yote yamo kwenye kalenda ya liturujia inayoning'inia sakristia, ile ambayo watu huangalia tarehe tu.

Vitambaa vya kufunika sanamu na misalaba: wapya huvifunika siku ya Majivu. Bado. Pale desturi hiyo ilipo, hufunikwa kuelekea Dominika ya tano. Lakini vipimeni sasa. Sanamu ya Bikira Maria ina taji, na kila mwaka kitambaa kinakuwa kifupi kwa kiasi cha taji.

Kama mna wakatekumeni wanaobatizwa Pasaka, Dominika ya tatu, ya nne na ya tano zina madodoso yao, yaani ibada za kuwaombea na kuwaandaa kwa ubatizo, na masomo yake ni ya mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C: mwanamke Msamaria, kipofu wa kuzaliwa, Lazaro. Mwaka 2026 hakuna utata kwa sababu ni mwaka A wenyewe. Mwaka 2027 ni B, na hapo ndipo msomaji anaandaa somo moja na padre anatarajia jingine. Kubalianeni mapema ni Misa ipi itakuwa na madodoso.

Nihamie jumuiya, maana huko ndiko Kwaresima inakaa wiki nzima. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 na kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa liishi mtaani kwa watu. Sisi tumezigeuza, nasema kweli tupu, kuwa daftari la michango. Mwenyekiti mpya akiingia, kitu cha kwanza anakabidhiwa ni orodha ya wanaodaiwa. Ombeni orodha nyingine: wagonjwa, wazee wasiotoka ndani, waliojifungua, waliofiwa mwaka huu, na wale walioacha kuja bila mtu kuwauliza. Mimi niliikuta haipo. Tuliiandika jioni moja, tukapata majina kumi na saba katika jumuiya ya kaya thelathini na kitu. Wawili kati yao hatukujua kama walikuwa bado hai.

Katika hao kumi na saba alikuwamo bibi mwenye kisukari. Jumatano ya Majivu tulimpelekea majivu, tukasali naye, tukaondoka tumeridhika. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Bibi alikuwa amefunga tangu asubuhi, na sindano yake amejichoma kama kawaida. Jirani alimkuta ameketi chini karibu na bomba, anatetemeka, hawezi kusema. Alipona, kwa soda ya jirani. Kwa hiyo mnapotangaza mfungo, semeni sheria yote. Kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, yaani mlo mmoja kamili na viwili vidogo. Kujinyima nyama kunaanza miaka 14. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawalazimiki kufunga. Wazee wetu hawakubali hilo kutoka kwa mwenyekiti kijana. Mwombeni padre alitamke mwenyewe.

Kuhusu sadaka ya Kwaresima, nina jambo moja tu, na najua litawaudhi baadhi ya wahazini. Injili ya Jumatano ya Majivu ni Matayo 6, kila mwaka: ukitoa sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Haipiti Dominika tatu, tunasimama kwenye matangazo kusoma majina na kiasi, jumuiya ya kwanza mpaka ya mwisho, na ya mwisho inazomewa kichinichini. Someni jumla. Mwenye kutaka kuhakiki aje aangalie daftari.

Tena angalieni msimu. Kwetu Kwaresima inaingia masika inapokaribia: akiba ya mwaka jana imeshuka, mahindi yamepanda bei, watu wanatayarisha mashamba. Kumwambia mtu alete debe wakati huo ni kumwaibisha. Lakini mikono anayo. Mwaka jana tulibadilisha: badala ya kilo, kila mmoja atoe asubuhi moja ya Jumamosi kwa mtu aliye kwenye orodha. Waliotoa walikuwa wengi kuliko mwaka wowote wa debe, wakiwamo wanaume ambao jumuiyani hatuwaoni.

Majirani zetu Waislamu wanalijua hili vizuri. Miaka ya 2025 na 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache tu, na mgonjwa wetu mmoja alikuwa analetewa futari na jirani yake kila magharibi, kabla sisi hatujapanga zamu. Kwenye nyumba za kupanga zenye familia mchanganyiko, msiende kutembelea saa ya kufuturu. Nendeni alasiri.

Jumamosi yetu ya kwanza ilikuwa shamba la mjane mmoja, nusu eka, mteremko. Tulifika kumi na wanne, tukasali, tukaimba, tukaangaliana. Majembe yalikuwa matano. Tisa tulikaa kwenye majani tukingoja zamu, na mjane akaona aibu, akaenda kutukopea majembe mtaani, kisha akatupikia chai kwa sukari ambayo hakuwa nayo. Kwenye tangazo lenu andikeni kabisa: kila mtu aje na jembe lake, maji yake ya kunywa, na tuondoke kabla ya saa nne.