Ukikabidhiwa utafiti kwenye hospitali ya kansa, anzia masjala

Wadogo zangu mnaoingia kwenye uongozi wa utafiti kwenye hospitali za kansa za kufundishia, mtasukumwa sana mkimbilie wafadhili na mashine, mi nasema anzeni na mafaili. Nendeni masjala mkae na karani, vuteni mafaili ya mwaka juzi muone mangapi yana majibu ya patholojia (kipimo cha maabara cha kinyama kinachothibitisha kansa), mangapi yameandikwa hatua ya ugonjwa, mangapi yana namba ya ndugu inayopatikana. Mgonjwa kamaliza dawa karudi kijijini na hamna anayejua kama bado yupo, hapo utafiti haupo hata mletewe mabilioni. Na wengi hawaachi kliniki kwa ukaidi jamani, hawana nauli, wekeni nauli kwenye bajeti!

Angalieni Kampala. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji tu pale hospitali ya Mulago, 1958 akaandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, akatuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za Afrika kuuliza kama nao wanauona, halafu 1961 akapanda gari na wenzake wawili wakazunguka nchi kwa nchi kujua ugonjwa unaishia wapi. Swali moja tu, ila kalifuatilia mpaka mwisho. Uvimbe huo ni limfoma, aina ya kansa, ndo inaitwa limfoma ya Burkitt. 1967 ikaanzishwa Uganda Cancer Institute, taasisi ya kansa ya Uganda, chini ya John Ziegler, Mmarekani, na kazi ya kutibu limfoma hiyo kwa dawa ikachangia tuzo ya Lasker ya 1972, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba.

Sasa hapa ndo pa kujifunza. Enzi za Idi Amin wageni wakaondoka, na taasisi haikufa kwa sababu alikuwepo Charles Olweny, Mganda, kazi anaijua, akaishika. Baadaye Jackson Orem, aliyekuja kuiongoza taasisi hiyo, naye kuna kipindi alikuwa ndo daktari bingwa wa kansa pekee nchi nzima, yaani wagonjwa wote hao na bado anajenga utafiti, na ule ushirikiano na Fred Hutch, kituo cha utafiti wa kansa cha Seattle, Marekani, ukaanza kusomesha madaktari wa Uganda miaka kabla jengo jipya halijafunguliwa 2015. Mpangilio huo ndo nauamini mimi, watu kwanza jengo baadae.

Kwa hiyo daktari kijana anayetaka utafiti mpeni siku yake kwenye wiki, iandikwe kwenye ratiba ya zamu, sio maneno ya korido, maana wodi ikijaa yeye ndo wa kwanza kuitwa. Manesi wa mradi waombeeni nafasi za ajira ya kudumu mapema, mradi ukiisha wanaondoka na ujuzi wote. Na mbia wa nje akileta mkataba usisaini siku hiyo hiyo hata kama mkurugenzi ana haraka, uliza sampuli zitatunzwa wapi, data nani ataishika, na mtafiti mkuu wa upande wetu ni nani kwa jina.