Maswali ya Bustani: Nyanya za Januari, Miche ya Masika na Kisima cha Chumvi

Nyanya zangu nilizipandikiza Novemba hapa Mbagala. Zimenawiri, zimefika kifuani, lakini tangu Januari maua yanapukutika yote. Nimenyunyiza busta, ile mbolea ya majani, mara tatu, wapi! Tatizo ni nini?

Tatizo ni tarehe uliyopandikiza, dada. Ua la nyanya hushika tunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi 15 hadi 21 hivi. Dar es Salaam, Januari na Februari, usiku hubaki karibu na nyuzi 25 na mchana hufika 32. Kwenye joto hilo chavua hufa, na ua lisilochavushwa hukaa siku chache tu, kikonyo chake kikageuka njano penye kifundo, likaanguka. Busta haifufui chavua. Ikiwa na naitrojeni nyingi ndiyo kwanza inaongeza majani, na pengine ndiyo sababu mimea yako imerefuka hivyo. Neti ya kivuli nayo inapunguza jua la mchana, lakini usiku unabaki na joto lake.

Usiendelee kuzitilia mbolea. Zing'oe, ila kabla ya kuzitupa kagua mizizi. Ukiona vinundu vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na kwenye tuta hilo usipande bamia, biringanya wala nyanya chungu, kwa kuwa yote hayo ni chakula chake. Mizizi ikiwa safi, panda bamia, zao linalopenda joto. Loweka mbegu usiku kucha, weka 2 kila shimo kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, kisha bakiza mche mmoja wenye nguvu. Baada ya siku 50 hadi 60 utaanza kuchuma. Chuma kila baada ya siku 2, maana bamia ikikomaa mtini mmea hupunguza kuzaa.

Mbegu mpya za nyanya zisie kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya kipaa cha nailoni au makuti ili mvua isipige miche. Utapandikiza mwishoni mwa Mei, masika ikiwa inakatika. Maua yatafunguka kipupwe kimeingia, usiku umeshuka hadi nyuzi 19 hivi, na kufikia Agosti unakula nyanya. Zingatia nafasi: sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche. Ukizibana, umande wa asubuhi haukauki na bakajani, ugonjwa wa mabaka ya majani, huanzia hapo.

Kila masika mchicha wangu unaota vizuri, halafu baada ya siku tano sita miche inalala chini kama imekatwa. Nimepiga dawa ya wadudu, hali ni ile ile.

Ng'oa mche mmoja ulioanguka, utazame pale shina linapokutana na udongo. Pakiwa pamesinyaa, pana maji na rangi ya kahawia, huyo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu, ndiyo maana dawa ya wadudu haikusaidia. Pakiwa pamekatwa kabisa na udongo ni mkavu, chimbua pembeni ya shina sentimita 3 hivi. Utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja. Kwa masika, tunaamini zaidi kinyausi.

Ukungu huu hustawi kwenye udongo usiopitisha hewa na miche iliyosongamana. Inua tuta sentimita 20 hadi 30, upana mita 1, na mfereji pembeni unaotoa maji badala ya kuyatuamisha. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, na mkono mtupu humwaga nyingi mahali pamoja. Changanya kijiko 1 cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu, kisha sia kwa mistari ya sentimita 20, ukifukia nusu sentimita tu. Samadi mbichi usiiweke kabisa, iliyooza vizuri debe 1 kwa mita mraba inatosha. Siku zisizo na mvua mwagilia asubuhi, tuta lisilale limelowa.

Kama eneo ni lile lile kila mwaka, tumia jua la Februari. Lowesha tuta, lifunike kwa nailoni nyeupe inayoonyesha, zika kingo zote, uliache wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifanyi kazi hiyo vizuri. Ukifunua usichimbe tena kwa kina, utaleta juu ukungu uliosalimika chini.

Kisima chetu kina maji ya chumvi kidogo. Kiangazi mboga zinaungua kingo za majani na udongo unaota unga mweupe. Niache kulima?

Usiache, ila badili namna ya kumwagilia na mazao yenyewe. Unga huo ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka, kwa hiyo maji kidogo kidogo kila siku ndiyo yanayoilimbikiza. Mwagilia lita 6 kwa mita mraba, na kila mara ya nne weka maradufu ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Udongo wa kichanga wa pwani hapo unakufaa. Mwaga chini, majani yasilowe. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5. Makumbi ya nazi yaloweke na kuyasuuza kwanza, nayo yana chumvi. Majivu na samadi ya kuku viweke kando.

Maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Spinachi inavumilia vizuri. Kipindi cha hatari ni kuota, hivyo maji ya mvua yaweke kwa ajili ya kitalu. Paa la mita 10 kwa 5 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Kitalu cha mita mraba 2 kwa lita 12 kwa siku kitakwenda nayo zaidi ya miezi miwili. Tangi liwe na mfuniko, mbu wasizaliane.

Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, nisie siku hiyo hiyo?

Hapana. Chimba sentimita 15. Kama chini bado ni vumbi, subiri. Vuli hudanganya kuliko masika, mara nyingi hunyesha mara moja kisha jua la wiki mbili likaua mbegu iliyokwisha kuchipua. Soma pia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hutolewa kabla ya mvua kuanza.

Nimehamia Njombe kutoka Tanga. Nifuate kalenda ile ile?

Hapana, mama. Huko hakuna vuli na masika, kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Juni na Julai baridi huweza kugandisha umande, na nyanya, maharage na viazi mviringo hugeuka vyeusi asubuhi moja. Miezi hiyo, kwa kumwagilia, panda kabichi, karoti, njegere na vitunguu saumu. Usiku ukiwa shwari na mbingu nyeupe bila wingu, funika miche kwa nyasi jioni, uifunue jua likipanda.