Jibu: Mfadhili amesitisha fedha, bodi isubiri au ifunge asasi?

Dada wa Sengerema, pole sana. Umeuliza kama bodi isubiri mfadhili arudi au ifunge asasi, kwa kuwa fedha za mradi wa vijana zimesimama. Mimi nasema msisubiri, wala msikimbilie kufunga. Tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, kusubiri kumekuwa hatari yenyewe.

Iteni bodi wiki hii, hata kwa simu. Mhasibu alete karatasi moja: kilichopo benki, kinachotarajiwa kuingia na ambacho lazima kitoke, wiki kwa wiki, kwa miezi mitatu. Atenganishe fedha zenye masharti na zile zilizo zenu. Hapa nasisitiza: msichukue fedha za mradi mmoja kulipa mishahara ya mwingine, hata kwa ahadi ya kurudisha. Ukaguzi ukilibaini hilo, mfadhili aliyebaki naye ataondoka.

Kisha bodi iamue ni kazi ipi wananchi wataikosa kweli ikisimama. Ilindeni hiyo. Nyingine zungumzeni na asasi jirani waipokee, au mtumie ofisi na gari kwa pamoja nao. Kodi za pango Mwanza mjini mnazijua.

Wafanyakazi waambiwe mapema, tena na viongozi wenyewe. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinadai notisi, sababu na mashauriano kabla ya kupunguza watu.

Mwenyekiti akisitasita kuitisha kikao, someni katiba yenu: angalieni kama wajumbe wanaweza kukiomba wenyewe kwa maandishi, na wangapi wanatosha.