Kuhamisha giaboksi na difu ya nyuma kati ya Landrover za zamani: chukua seti nzima

Wakuu, siku hizi watu wengi wanafufua Landrover za zamani, hasa huku Arusha na Moshi, na swali linalonifikia ni lile lile: nina 109 (ile ndefu) Series IIA, kuna jamaa ana Series III imekufa uwani kwake anaiuza bei ya chuma chakavu, je naweza kutoa giaboksi na difu ya nyuma nikafunga kwangu? Ndiyo, inaingia, yangu inatembea hivyo na inanifurahisha kila nikiiwasha. Ila nakuomba sana usinunue giaboksi tu halafu vingine utafute mbele ya safari. Nunua giaboksi na belhauzingi yake (ganda linaloiunganisha na injini), klachi yake, propela ya nyuma, difu ya nyuma na ekseli yake mpaka zile U-bolti na plati za chini, vyote vya gari moja, maana ukianza kuokota hiki kwa huyu na kile kwa yule hapo ndipo gari inakaa juu ya mawe mpaka kuku wanataga ndani.

Kwanza kwa nini uhangaike. Giaboksi ya Series II na IIA ina sinkronaiza (kile kinacholainisha gia kuingia) namba tatu na nne tu, namba moja na mbili lazima udabo klachi, yaani uikanyage mara mbili, ndio iingie bila kulia. Series III, ile iliyoanza 1971, ina sinkronaiza gia zote nne za mbele. Kama mkeo au kijana wako naye anaiendesha utaona raha yake siku ya kwanza tu. Sisemi ya IIA ni mbovu, kuna mafundi wazee wanaipenda kuliko hii na wana sababu zao, kama yako ni nzima na mguu wako umeizoea basi iache.

Kabla hujatoa hela angalia giaboksi imetoka kwenye injini gani. Kama zote mbili ni zile za silinda nne, lita 2.25, petroli au dizeli, uko salama. Ile 109 ya silinda sita, 2.6, belhauzingi yake ni nyingine. Na kuna Stage 1 ya V8, kwa nje ukiitazama haraka ni Series III lakini giaboksi yake ni aina ya LT95 ya fowili muda wote, yaani tairi zote nne zinavuta daima, na difu zake zina hesabu nyingine kabisa, hiyo usiichanganye na habari hizi hata muuzaji akikuapia.

Kutoa giaboksi watu wanadhani unalala chini ya gari. Hapana, inatokea juu, unafungua sakafu zote, unatoa boksi la viti, unainyanyua kwa ndani na kuipitishia mlangoni, kwa hiyo tafuta cheni bloku na vijana wenye nguvu, ni nzito kwelikweli ikiwa na transfa yake (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Bolti za boksi la viti zimeshika kutu miaka yote hiyo, zimwagie dizeli siku chache kabla.

Tofauti ya kuangalia mapema ni klachi. IIA ile silinda ya chini ya klachi imekaa kwenye brakiti pembeni na inasukuma kishafti, Series III imefungwa kwenye belhauzingi yenyewe inasukuma moja kwa moja, kwa hiyo ukibakiza ya zamani haina pa kukaa, chukua na mpira wake na kibomba chake. Presha plati ya klachi ipeleke kwenye flaiwili yako (lile gurudumu zito nyuma ya injini) ulinganishe matundu kabla hujafunga chochote.

Sasa difu, na hapa naomba usome taratibu. 109 nyingi za Series III nyuma zina difu aina ya Salisbury. Utaitambua kwa kifuniko cha bolti kwa nyuma, wakati ya Rover ya kawaida nyuma imechomelewa na kichwa chake (kile chenye meno) kinatolewa kwa mbele. Salisbury ni nzito na ni ngumu, ukibeba mizigo au unaingia mashamba ya mahindi masika ndiyo ya kutafuta. Bomba la ekseli yake ni nene zaidi, ndiyo maana nimesema U-bolti na plati zije nayo, na pua yake ni ndefu kwa hiyo propela ya nyuma ni fupi kuliko uliyonayo. Ukilazimisha propela yako ya zamani utavunja kitu.

Halafu hesabu ya meno. Series hizi difu ni 4.7, kroni (gia kubwa ya difu) meno 47 pinioni (ile ndogo ya upande wa propela) 10. Range Rover ya zamani, Discovery na Defender ni 3.54. Mbele na nyuma lazima zilingane! Nyuma ikiwa 3.54 na mbele 4.7, siku utakayoingiza fowili kwenye ardhi ngumu difu zinavutana mpaka kitu kinakatika. Muuzaji asikwambie kwa mdomo, pima: nyanyua tairi moja kwa jeki, lingine libaki chini limezuiwa vizuri, gia iwe fri, chora alama ya chaki kwenye flenji ya propela, zungusha tairi lililo juu mizunguko miwili kamili (kwa kuwa lingine limezuiwa, miwili yake ni sawa na mmoja wa ekseli) na mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu hiyo ni 4.7. Ikiishia mara tatu na nusu, ni 3.54.

Wapo wanaoweka 3.54 mbele na nyuma makusudi ili gari ikimbie barabara ya lami, na vichwa vya Range Rover vinaingia kwenye ekseli ya Rover (sio Salisbury), ila angalia meno ya hafushafti (vyuma vinavyotoka difu kwenda tairi), Series ni 10 na za baadaye ni 24. Mimi sikushauri kama injini ni 2.25 ya kawaida. Gia zinakuwa ndefu kwa kama theluthi nzima, ukiwa na mzigo mlima wa Kitonga utapanda na namba mbili unalia. Na spidomita inachukua kwenye transfa, kwa hiyo mshale ukisoma 60 wewe uko karibu 80, ukisoma 40 kijijini umeshapita 50 na trafiki ana tochi yake.

Oili ni EP90 kote: giaboksi lita 1.5, transfa 2.5, Salisbury 2.5, ya Rover 1.75. Badilisha sili zote za difu na giaboksi vikiwa bado chini, sili ni bei ndogo na kurudia kazi hii kwa ajili ya sili moja kunauma. Brizaa ya difu (tundu lake la kupumulia) izibue, ikiziba oili itatokea kwenye breki.

Ukishafunga tembea taratibu karibu na nyumbani kwanza, kisha kaza tena U-bolti zote na bolti za propela, gusa difu kwa mkono uone joto, fungua nati ya oili uangalie kama kuna vumbi la chuma.