Pikipiki ya kwanza ichaguliwe ikiwa imesimama

Mhariri,

Swali lenu la juma hili limetoka kwa msomaji mwenye umri wa miaka 46 ambaye ameendesha gari kwa muda mrefu, hajawahi kuendesha pikipiki, na sasa anataka kununua ya kwanza kwa ajili ya kwenda kazini na shambani. Anauliza anunue ipi na aanzie cc ngapi, yaani injini ya ukubwa gani. Mimi nilianza kuendesha pikipiki hapa Morogoro nikiwa na umri unaokaribia huo, na tangu hapo nimefuatana na walimu wenzangu kadhaa kwenda kuchagua zao. Jibu langu ni kwamba mtu wa makamo aichague pikipiki ya kwanza kwa kuangalia anavyoimudu ikiwa imesimama au inakwenda mwendo wa mtembea kwa miguu, na habari za kasi na nguvu za injini azitazame baadaye.

Pikipiki ikishafika mwendo wa kilomita 30 kwa saa hujisawazisha yenyewe kwa sehemu kubwa, na anayeiendesha hausikii uzito wake. Uzito huo humrudia anaposimama kwenye makutano, anapoigeuza uani, anapoirudisha nyuma kutoka kwenye maegesho yenye mteremko, au anapolazimika kusimama ghafla na mguu wake ukaangukia penye shimo. Kijana wa miaka 20 ikimlemea huiachia na kuruka pembeni, halafu anaiinua na kuendelea na safari. Aliyevuka miaka 45 huwa na goti lisilokubali kujikunja haraka kiasi hicho, mgongo uliokwisha kuzoea kiti cha ofisini, na mfupa ambao ukivunjika haungi upesi kama zamani. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alinunua pikipiki ndefu ya aina ambayo mabwana shamba wametembelea vijijini kwa miaka mingi, kwa sababu aliitamani tangu ujana wake. Akiikalia, chini zilifika ncha za vidole tu. Barabarani aliiendesha vizuri kabisa. Siku moja alisimama kando ya barabara ya Bigwa kupokea simu, mahali ambapo maji ya masika yalikuwa yamekula ukingo wa lami. Mguu wa kushoto ukakosa pa kukanyaga, na pikipiki ikamwangukia juu ya kifundo cha mguu. Injini ilikuwa imezimwa. Alifungwa plasta ngumu, na alipopona aliiuza.

Kwa hiyo ndugu yetu akifika dukani, kabla ya kuuliza bei, aikalie pikipiki akiwa amevaa viatu atakavyovaa barabarani, maana kandambili humdanganya mtu kuhusu urefu wake. Akae katikati ya kiti, aunyooshe usukani, kisha ajiulize kama nyayo zote mbili zimetua chini pamoja na visigino. Zikitua, ainamishe pikipiki taratibu upande wa kushoto mpaka asikie uzito unaanza kuhamia kwenye paja, airudishe, kisha afanye hivyo upande wa kulia. Baada ya hapo ashuke, aisukume kinyumenyume mpaka nje, na ikiwezekana apite nayo kwenye changarawe au mchanga ulio mbele ya duka, kisha aipandishe kwenye stendi ya kati bila kusaidiwa. Muuzaji mwenye haraka atamwambia kwamba ataizoea, na kweli mtu huzoea mambo mengi, lakini urefu wa miguu yake hautaongezeka. Pikipiki inayomtoa jasho pale dukani penye sakafu tambarare itamtoa jasho zaidi akiwa na gunia la mbolea nyuma.

Kipimo hiki peke yake huondoa pikipiki nyingi. Kiti cha Suzuki GN125, kwa mfano, kiko chini ya sentimita 75 kutoka ardhini, na cha Yamaha YBR 125 kiko kwenye sentimita 78. Watu wengi wa kimo cha kawaida huzikalia zote mbili wakiwa wamekanyaga vizuri. Honda XR150L, ambayo ni pikipiki nzuri sana kwa njia mbovu, ina kiti kilichopita sentimita 80, na mtu mfupi akiitaka hana budi kujifunza kwanza kusimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo sipendi alianze akiwa bado anatafuta gia iko wapi. Boxer na TVS HLX, ambazo ndizo zimejaa katika barabara zetu, zina kiti kilichorefushwa kwenda nyuma kwa ajili ya abiria na mizigo, na mtu mwenye kimo cha wastani kwa kawaida huzimudu. Upana wa kiti nao uangaliwe, kwa sababu kiti kipana huyatanua mapaja na kuipunguzia miguu urefu, hivyo pikipiki mbili zenye kiti cha kimo kimoja zinaweza kumpa mtu yuleyule hali mbili tofauti.

Sasa nije kwenye cc. Ushauri wangu ni aanzie kati ya 100 na 125, na asivuke 150. Pikipiki ya cc 125 ya mipigo minne huwa na uzito wa kilo mia na kitu, hutembea zaidi ya kilomita 40 kwa lita moja ya petroli, na kwa barabara za mjini ambako sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa ina nguvu za kutosha na kusaza. Hata leseni zetu zimeuzingatia mstari huo, kwani daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125 na daraja A ni la zile zinazozidi hapo. Najua atakavyoambiwa na vijana wa gereji: kwamba mtu mzima kama yeye hawezi kupanda kipikipiki, kwamba ndogo ataichoka baada ya mwezi, kwamba bora atoe pesa mara moja. Mimi nakataa. Injini ndogo humsamehe mtu anayeachia klachi kwa pupa. Pikipiki itazimika au itashtuka kidogo, na hapo amejifunza. Injini kubwa katika kosa hilohilo humvuta mbele kabla hajajua la kufanya. Iwapo shamba lake liko mlimani, mathalani upande wa Mgeta ambako barabara inapanda sana, au iwapo atabeba mzigo kila juma, hapo cc 150 zina maana, nami sitambishia.

Lipo jambo moja linalomhusu dereva wa gari kuliko mtu asiyejua kuendesha chochote, na naliona ndilo zito kuliko yote baada ya lile la urefu. Dereva wa gari anaijua barabara: anajua kusoma alama, anajua lori linataka kukata upande gani, anajua mwendo wa basi linalotaka kupita. Tatizo liko mikononi na miguuni mwake. Kwenye gari, klachi iko mguu wa kushoto; kwenye pikipiki iko mkono wa kushoto, na mguu huo umepewa gia. Mguu wa kulia una breki ya nyuma tu, ilhali mkono wa kulia umebeba kazi mbili, resi na breki ya mbele. Mtu akishtuka, kwa mfano mbuzi amekatiza, mkono ule hukunja ngumi, na ngumi ile huweza kubana breki na kuzungusha resi kwa wakati mmoja. Akili inajua la kufanya, lakini kiganja kinafuata mazoea ya miaka 20 ya usukani wa gari. Dawa yake ni mazoezi katika uwanja mtupu, kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, mpaka vidole viwili viwe vimetulia juu ya breki bila kuamriwa. Aulize pia mpangilio wa gia wa pikipiki anayoinunua, kwa kuwa zipo ambazo gia zote hukanyagwa kuelekea upande mmoja na zipo ambazo ya kwanza iko chini na zilizobaki huinuliwa juu. Akijifunzia ya aina moja na kununua ya aina nyingine, atajikuta anatafuta gia katikati ya mzunguko wa Msamvu, malori ya Dodoma na mabasi ya Iringa yakimzunguka.

Utafiti unaoniongoza hapa ni wa zamani, lakini sijaona sababu ya kuuweka kando. Mwaka 1981 huko Marekani ilitolewa ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa na uzoefu usiofika miezi 5 na pikipiki ileile waliyokuwa nayo siku ya ajali, ingawa kwa wastani walikuwa wameendesha pikipiki kwa karibu miaka 3. Waligundua pia kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Kwetu mafunzo ya jirani ndiyo desturi: kijana wa bodaboda anakupeleka uwanja wa mpira jioni mbili tatu, kisha anakuambia umeiva. Namwomba ndugu yetu alipie mafunzo katika shule ya udereva yenye mwalimu wa pikipiki, apate leseni ya kujifunzia kama sheria inavyotaka, na gharama hiyo aihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya pikipiki. Kama fedha ni ya mawazo, ni afadhali anunue pikipiki ya bei ya chini kidogo na abakize ya mafunzo na ya helmeti.

Kuhusu helmeti sina maneno mengi, kwa kuwa ushahidi umekwisha kukusanywa: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Achague inayofunika uso mzima, inayombana mashavu bila kumuumiza, na akiifunga mkanda kisha akatikisa kichwa, isicheze. Kama anavaa miwani, aende nayo dukani, kwa maana zipo helmeti ambazo miwani haipiti. Kioo chake kiwe cheupe. Macho ya mtu aliyevuka miaka 40 huanza kusumbuliwa na taa za magari yanayokuja usiku, na kioo cheusi humzidishia shida ya kuona gizani. Mimi binafsi sitoki usiku kwa pikipiki ila pawe na dharura, na taa ya pikipiki ni kitu cha kwanza ninachokiwasha ninapoikagua yoyote, jua likiwa limezama au halijazama.

Swali la mpya au iliyotumika linategemea kama ana mtu wa kumsaidia kuikagua. Nyingi zinazouzwa mkononi zimefanya kazi ya bodaboda kwa mkataba, kutwa kucha, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si za kutegemea kwa sababu waya wa spidi hukatika au huchomolewa. Aangalie meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja, cheni na sproketi zote zimekwisha. Awashe injini ikiwa ya baridi na kutazama ekzosi: moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni oili inayoungua ndani, na hapo pistoni na ringi zinamsubiri. Abonyeze shokomzoba za mbele mara kadhaa na apitishe kidole kwenye sili kuona kama kuna oili. Namba ya chesesi na namba ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi, na umiliki ubadilishwe rasmi TRA, mamlaka ya mapato, asikubali kupewa kadi yenye jina la mtu mwingine kwa ahadi kwamba watabadilisha baadaye. Breki ya diski ya mbele ni nzuri, lakini kwenye kokoto na vumbi ajifunze kuibana pole pole, kwani gurudumu la mbele likikwama kwenye mchanga huteleza mara moja.

Wapo watakaomshauri skuta, na kwa mtu mwenye goti bovu anayeishi penye lami, kama wale wa Unguja mjini wanaotembelea Vespa miaka yote, ni ushauri mzuri. Magurudumu yake madogo hayapendi mashimo, na njia ya shambani aliyoitaja mwulizaji naamini ina mashimo.

Kama ningekwenda naye kesho, basi, ningempeleka kwenye pikipiki za cc 125 ambazo kila fundi wa hapa amewahi kuzifungua na ambazo klachi, plagi na kebo zake zinapatikana hadi kwenye duka la spea la kijijini. Aikalie moja baada ya nyingine, na ile atakayoikanyagia chini kwa nyayo zote mbili ndiyo aijadilie bei. Aina hizo hazikosi mnunuzi. Akishapita nayo masika mawili, akaona anataka ndefu au yenye nguvu zaidi, ataiuza bila hasara kubwa na kwenda kuijaribu hiyo ya pili akiwa na mikono iliyokwisha kuzoea kazi yake.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro